Mji Usio na Watembea kwa Miguu

Anayecheza gemu kwenye kochi lake hajui dakika inauzwa shilingi ngapi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu tulijua, maana bei ilikuwa imebandikwa ukutani, imeandikwa kwa maka nyeusi kwenye kipande cha boksi. Mpira ulilipiwa kwa mechi: aliyefungwa anampisha mwenzake. Gemu za magari zililipiwa kwa nusu saa. Tofauti hiyo ya malipo ndiyo iliyonifundisha kuzihukumu gemu za mbio za mtaani, zile ambazo mji mzima umeachwa wazi uzurure utakavyo. Mpaka leo, nikiwa na kompyuta yangu na umeme wangu, naziuliza swali lile lile: mbali na mbio zenyewe, dakika zangu za katikati zimepata nini?

Banda letu lilikuwa Tandika, Dar es Salaam, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga ambacho zamani kilikuwa duka. Ndani kulikuwa na TV za chogo juu ya kreti za soda, PlayStation 2 zilizowekewa chipu ili zisome diski za kuchoma, mabenchi ya mbao, na feni moja iliyompepea mwenye banda peke yake. Tulimwita Braza. Sikuwahi kumwona ameshika pedi, lakini alijua kwa sekunde nani amebakiza muda gani, na akishasema "Dogo, shusha pedi," hakuna rufaa.

Gemu iliyotufilisi ilikuwa Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005. Nautaja mwaka kwa makusudi, kwa kuwa mwaka 2012 ilitoka nyingine yenye jina hilo hilo, kazi ya studio ya Criterion ya Uingereza, nayo ni gemu tofauti kabisa. Hii ya kwanza ilitengenezwa na EA Black Box ya Canada, watu wale wale waliotoa Underground 2 mwaka mmoja kabla. Underground 2 ndiyo iliyoufungua mji kwa mara ya kwanza katika mfululizo huo. Badala ya kuchagua mbio kwenye orodha, uliwasha gari usiku ukazunguka Bayview ukizitafuta kona kwa kona. Most Wanted ikalichukua wazo hilo, ikalitoa gizani na kuliweka juani, kisha ikaongeza kitu ambacho Bayview haikuwa nacho, yaani polisi.

Hadithi yake haikuhitaji Kiingereza, na kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Unaingia mji wa Rockport na BMW M3 GTR ya rangi ya fedha na michoro ya buluu. Jamaa mmoja aitwaye Razor anakushindanisha, gari lako limeshachezewa, linakufia njiani, analichukua. Analitumia hilo hilo kupanda mpaka nafasi ya kwanza kwenye orodha ya madereva 15 wanaosakwa kuliko wote mjini. Wewe unaanza upya na gari la kawaida, Fiat Punto au Golf, uwang'oe mmoja mmoja mpaka umfikie. Basi. Zile sinema fupi za katikati, waigizaji halisi waliopachikwa juu ya picha za kompyuta, zina uigizaji wa kutia aibu, lakini nani alijali? Kaka mmoja wa sekondari alitutafsiria mara ya kwanza, na kuanzia hapo hadithi ikaanza kukua yenyewe. Baada ya muda Razor alikuwa amempora mchezaji gari, nyumba na mchumba. Nilipokuja kuielewa kwa Kiingereza chake, nikaona toleo la Tandika lilikuwa na visa zaidi.

Tuje kwa polisi, kwa sababu wao ndio gemu yenyewe. Unaendesha zako, unalipita gari la doria kwa kasi, king'ora kinalia. Hukuchagua msako kwenye orodha, umekukuta. Kwanza linakufuata gari moja. Ukizidi kuwasumbua, kiwango cha msako kinapanda: magari yanaongezeka, barabara inazibwa, mikeka ya misumari inatandikwa, helikopta inakuning'inia juu, kisha magari mazito yanakujia uso kwa uso, madereva wake wakiwa na nia moja tu, kukugonga. Wakati wote huo unawasikia redioni wakipeana habari, anaelekea wapi, nani akamzibe, misumari iwekwe wapi. Hicho ndicho kilichonishangaza zaidi na bado kinanishangaza. Ukisikiliza vizuri unajua kizuizi kinakuja kabla hujakiona, na una sekunde chache za kuamua kama utageuza au utapenya kwenye pengo. Sisi ambao Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha tulishika lugha ile ya redio haraka kuliko chochote tulichofundishwa darasani.

Mji nao unakusaidia kupigana. Ukiligonga paa la kituo cha mafuta, au donati kubwa iliyosimamishwa juu ya duka, au nguzo za tangi la maji, vinaporomoka na kuwafunika wanaokufuata. Na ukishawapoteza hujamaliza: lazima ujifiche, injini imetulia, ukitazama kwenye ramani doa la gari la polisi likipita mtaa wa pili, mpaka wakate tamaa. Gemu ya mbio inayojua kumfanya mchezaji akae kimya bila kukanyaga mafuta ni adimu. Hata baada ya hapo kumbukumbu yao haifutiki, maana gari linabaki linajulikana. Ukitaka lipoe, lipake rangi nyingine au ulibadilishe umbo, au uliache nyumbani utumie jingine. Hapo kupamba gari kunaacha kuwa urembo mtupu, kuna kazi.

Msako ulilifanya banda zima litazame TV moja. Waliokuwa kwenye mpira walisimamisha mechi, muuza karanga aliweka chini sinia lake. Hapo ndipo tulipoigundua huruma ya Braza: muda ukikuishia katikati ya msako, hakatizi, kwa sababu akikatiza watazamaji watapiga kelele, na watazamaji ndio wateja wa kesho. Habari ikasambaa. Kila aliyebakiza dakika mbili akawa anatafuta gari la polisi la kuligonga. Misako ikarefuka, mabenchi yakajaa wasiolipa, waliopanga foleni wakanuna. Braza akaandika mstari mpya kwenye lile boksi: msako ukizidi muda, unalipiwa. Nimesoma uchambuzi mwingi wa gemu hii tangu wakati huo, na sijaona uliogusa kiini kama sheria ile. Mtu ambaye hajawahi kuicheza alikuwa ameona sehemu ambayo mchezaji hayuko tayari kuiachia, akaitoza.

Sasa ondoa polisi, uone Rockport inabaki na nini.

Hakuna mtu anayetembea kwa miguu, hata mmoja. Kuna bustani, kuna maduka, kuna njia za waenda kwa miguu zilizotengenezwa vizuri, na hakuna aliyezikanyaga. Magari ya raia yapo machache, yanapita kwa adabu kama yanakwenda msibani. Jua ni la alasiri isiyokwisha, na kila kitu kimepakwa rangi ya majani makavu, ambayo siku za kwanza inapendeza sana na baadaye inachosha macho. Sisi tulikuwa tukitoka banda lile tunakutana na machinga, mama ntilie, wanafunzi, mikokoteni ya maji na mbuzi wa jirani, kwa hiyo upungufu ule tuliuona mapema. Mtoto mmoja aliuliza, "Braza, kwani watu wa huku wako wapi?" Braza akamjibu bila kugeuka, "Wako kazini."

Najua upo utetezi. Studio haikutaka gemu ya vijana kugonga watu, na mashine ya wakati ule ilikuwa na kikomo. Msako ukinoga, magari yakijaa, PlayStation yetu ilianza kusuasua. Lakini tatizo halikuwa watu pekee. Rockport imegawanyika sehemu tatu, Rosewood, Camden Beach na katikati ya mji, na sehemu hizo zinafunguka kadiri unavyopanda kwenye orodha. Zikifunguka, hukuti jambo jipya la kufanya ndani yake zaidi ya mbio zile zile na polisi wale wale. Na gemu yenyewe inajua hivyo, ndiyo maana ikakuruhusu kuita mbio yoyote kutoka kwenye menyu bila kuendesha mpaka inapoanzia. Pale bandani hakuna aliyeendesha kwenda kwenye mbio. Kwa nini uchome nusu saa yako barabarani? Mji ukawa uwanja wa polisi tu, na siku usiyotaka polisi huna sababu ya kuingia humo.

Underground 2 ilikuwa na kasoro ya upande wa pili. Kule lazima uendeshe. Maduka mengine yamefichwa mpaka uyagundue mwenyewe, na ukiambiwa gari lako linatakiwa kupigwa picha ya jalada la jarida, unaukatiza mji mzima ukishindana na saa ili uwahi, upigwe picha, uondoke. Kwa mlipa muda huo ulikuwa wizi wa mchana. Lakini nilipokuja kuicheza chuoni, usiku, bila mtu wa kuniambia nishushe pedi, safari zile zile zikawa na raha yake. Lami imelowa, taa za neoni zinaakisi chini, unapinda barabara ya Jackson Heights inayozunguka kilima, na unaanza kuujua mji kwa kichwa. Kitu kile kile kilikuwa udhaifu Tandika na nguvu bwenini, na ndiyo maana siamini alama za kumi kwa kumi wanazotoa wakosoaji bila kusema walikaa wapi na walikuwa na muda kiasi gani.

Katika suala la mji, gemu iliyozishinda zote mbili nilikutana nayo baadaye. Ni Midnight Club 3: DUB Edition ya Rockstar San Diego, nayo ya mwaka 2005, yenye miji mitatu ya Marekani: San Diego, Atlanta na Detroit. Tofauti yake ukiisikia unaweza kuidharau. Katika Most Wanted, mbio zikianza, mitaa ya pembeni inafungwa kwa mishale inayong'aa. Mji uliokuwa wazi unageuka kuwa kiwanja chenye kuta, wote mnapita njia moja. Katika Midnight Club mbio nyingi zinakuwekea alama za moshi tu, na njia ya kutoka alama moja hadi nyingine ni shauri lako. Pita barabara kuu, katiza maegesho, ingia kichochoro nyuma ya maghala, kazi kwako. Huko kuujua mji kunalipa, sawa na dereva wa bodaboda anayejua uchochoro wa kukwepa foleni. Watembea kwa miguu nao wapo, wanaruka pembeni ukiwajia. Sikuwa nimegundua jinsi ukimya wa Rockport ulivyokuwa umenikaa mpaka nilipomsikia mtu akipiga kelele njiani.

Hata hivyo nayo ina adhabu zake. Kwa kasi ile, katika mji uliosongamana vile, nguzo moja ambayo hukuiona inakugharimu mbio nzima, na mpaka uikariri utakuwa umerudia vya kutosha kumtukana mtengenezaji. Polisi wake ni wa kupamba tu ukiwalinganisha na wa Rockport.

Kuna jambo Most Wanted ililifanya ambalo bandani lilitaka kuleta ngumi. Watengenezaji hawataki mbio ziwe za upande mmoja, kwa hiyo kompyuta inaongeza au kupunguza mwendo wa wapinzani kulingana na ulipo wewe. Ukitangulia mno, aliye nyuma anapata mbio za ajabu. Ukibaki nyuma, wa mbele anapunguza kukungoja. Nia yake naielewa, inamfanya mgeni asikate tamaa. Lakini fikiria kijana aliyelipa, akaendesha bila kosa mizunguko yote, kisha kwenye mnyoofu wa mwisho gari aliloliacha mbali linampita kama amesimama. "Anabebwa huyo!" Tulikuwa tunalisema kwa hasira ile ile ya uwanjani refa anapotoa penalti ya mashaka. Uchungu wenyewe si kushindwa. Ni kwamba kuendesha vizuri dakika za mwanzo hakukuwa na thamani, kwa sababu matokeo yaliamuliwa mwishoni. Wajanja walijifunza kutotangulia sana: wanamkalia mpinzani nyuma, wanatunza naitro, wanampita karibu na mstari. Gemu inayokufundisha kutoendesha kwa uwezo wako wote ina kasoro kwenye mifupa yake.

Na kulikuwa na suala la memori kadi. Kadi ya PlayStation 2 ilikuwa na megabaiti 8, na ya banda ilikuwa ya wote. Unahifadhi safari yako leo, kesho mwingine anaanza yake juu yako, au anaifuta ili apate nafasi ya timu yake ya mpira. Ndiyo maana Tandika nzima ilimjua Sonny na Golf yake, Taz na Lexus yake, na pengine Vic, lakini Razor tulimsikia kama watu wanavyosikia habari za majini. Mbio za nafasi 15 zilibuniwa kwa mtu mwenye mashine yake na kadi yake. Kwetu zilikuwa mwanzo usiokuwa na mwisho, na bado tulizipenda. Naliona hilo kama sifa kubwa. Gemu ambayo sehemu yake ya kwanza inatosha kuwashikilia watu kwa mwaka mzima imejengwa vizuri mlangoni.

Nilipata kuimaliza chuoni, kwenye laptopu ya kuazima, na ndipo nilipoona kilichokuwa kimefichwa na ile memori kadi. Ili upate haki ya kumkabili kila dereva wa orodha unadaiwa mambo matatu: ushinde mbio kadhaa, ufikishe thamani fulani ya kichwa chako kwa polisi, na utimize vitimbi ulivyopangiwa wakati wa msako, kama kuvuka vizuizi au kukimbizwa kwa muda fulani. Kimoja kati ya vipimo hivyo ni hasara uliyoisababishia serikali, na inahesabiwa kwa dola huku ukiendesha. Nilicheka sana. Kwetu hasara ya serikali hukaguliwa baada ya miaka. Rockport inaonekana papo hapo kwenye kioo. Mpaka nafasi ya kumi masharti haya yanakwenda na mtiririko. Kuanzia ya saba kushuka yanakuwa kibarua. Ni misako ile ile, mirefu zaidi, ukizunguka barabara kuu usubiri namba zipande. Kilichokuwa ajali ya kupendeza, polisi wanaokukuta bila kutarajia, sasa kimekuwa fomu ya kujaza.

Kisha mwisho unakuja, na unasamehe mengi. Unamshinda Razor, unalirudisha BMW lako, na badala ya kukupa kombe gemu inakuachia polisi wote wa mji kwa kiwango ambacho hujawahi kukiona. Njia ya kutokea ni daraja bovu la zamani nje ya mji, unaliruka. Studio ingeweza kumalizia kwa mbio. Imemalizia kwa msako, na hiyo inanionyesha kwamba wenyewe walijua walichokuwa nacho mkononi.

Wazee wetu walikuwa na lawama nyingine, kwamba gemu hizi zitatufanya madereva wahuni. Sikuona mtu aliyetoka Tandika akawa mkimbiza magari. Nilichokiona ni kwamba gari la Rockport likigongana na lori kwa kasi ya ajabu linapata mikwaruzo na nyufa za kioo, kisha linaendelea, na mtoto akiangalia hivyo kwa miaka anaweza kudhani chuma ni laini. Nilipoanza kujifunza kuendesha gari la kweli, kitu cha kwanza kilichonishangaza kilikuwa urefu wa barabara unaohitajika kusimama.

Katika gemu za baadaye, moja imenigusa kwa namna ilivyoitibu ile kasoro ya mji usio na shughuli. Need for Speed Heat ya mwaka 2019, ya Ghost Games ya Sweden, imeugawa mji wa Palm City kati ya mchana na usiku. Mchana unashindana kihalali upate fedha. Usiku unashindana kwa kificho upate jina, na kadiri polisi wanavyokusaka ndivyo jina linavyozidishwa, ila lazima ufike gereji salama nalo. Ukikamatwa njiani, nyongeza yote inapotea. Basi ile safari ya kurudi nyumbani, iliyokuwa dakika tupu, inakuwa sehemu yenye presha kuliko zote. Polisi wake hawana mazungumzo ya redio yenye utamu ule wa 2005, na mazungumzo ya wahusika nimeyaruka bila majuto. Lakini wazo la kuweka mali ya mchezaji hatarini wakati anarudi, sio wakati anashindana, ni zuri kuliko lolote nililoliona katika aina hii ya gemu kwa miaka mingi.

Hukumu yangu basi ni hii. Most Wanted ya 2005 ina misako bora kuliko zote nilizocheza, na ina mji dhaifu kuliko sifa zake. Usiicheze kwa lengo la kuimaliza wiki moja. Ichukue kidogo kidogo, na ukifika nafasi ya saba pumzika usije ukaichukia. Tumia pedi, achana na kibodi. Na ukiikuta diski yake kwa muuza mitumba, kabla hujatoa hela soma mwaka nyuma ya kasha, usiuziwe ile ya 2012.